Tuyo ya moshi ya moteri: namna ya kuichagulia kizuiajoto na kuifunga vizuri



Ukienda kwenye barabara ya Bengamisa, au upande wa Isangi, au ukivuka mto kuingia Lubunga, kibanda cha kukobolea mpunga unakisikia kabla ya kukiona. Umeme wa bwawa la Tshopo hautoshi hata mji wa Kisangani wenyewe, na vijiji vingi haviupati kabisa. Kwa hiyo mpunga wetu, mihogo yetu na mahindi yetu vinapita kwa moteri ya mazuti. Nyingi ni zile za silinda moja zilizotengenezwa China, kama S195 yenye nguvu za farasi 12. Ni moteri ngumu, fundi yeyote wa kwetu anaijua, na mara nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote ambazo koperative imenunua kwa michango ya wanachama.

Katika kutembelea vibanda, kuna alama moja tunayoikuta mara kwa mara. Safari moja tulimwuliza kijana anayeendesha mashini kuhusu nguzo iliyosimama karibu na tuyo ya moshi. Mahali pamoja, pana kama kiganja, nguzo ilikuwa nyeusi, na tulipoikwangua kwa kisu ukatoka unga wa makala. Kijana akasema: "Hiyo iko vile tangu mwaka jana. Hapana kuwaka hata siku moja."

Kumbe hapo ndipo penye hatari. Mti uliopashwa joto siku kwa siku haubaki kama ulivyokuwa. Unakauka mpaka ndani, unageuka makala polepole, na makala hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mpya. Nguzo ambayo haikuwaka mwaka jana inaweza kuwaka mwaka huu, kwa joto lile lile. Tena moto wa namna hiyo mara nyingi hauji mchana watu wakiwa hapo. Kaa dogo linajificha ndani ya nguzo au kwenye ndele za paa, moteri inazimwa, watu wanaenda nyumbani, na usiku ndipo kibanda kinaungua pamoja na magunia ya watu.

Kwa sababu hiyo tumeandika makala hii juu ya kizuiajoto cha tuyo ya moshi: kinafaa wapi, kichaguliwe vipi, kifungwe namna gani. Lakini tangu mwanzo tuseme neno moja ambalo tutalirudia: kizuiajoto hakiui joto. Kinalichelewesha kutoka, na kulisukuma liende mbele na moshi. Anayefunga kizuiajoto bila kufikiri joto litatokea wapi, amehamisha hatari tu.

JOTO NI KIASI GANI?

Moteri ya mazuti ikifanya kazi kwa nguvu yake yote, moshi unaotoka kwenye kichwa cha silinda unaweza kufika digrii 400 hadi 500. Ikizunguka bila mzigo, joto linashuka sana. Ndiyo maana anayeijaribu moteri bila kuweka mpunga anaweza kudanganyika, akasema tuyo "haina moto". Mpime wakati wa kazi, baada ya nusu saa ya kukoboa.

Linganisheni joto hilo na mambo haya:

Ngozi ya mtu: chuma chenye digrii 70 kinaunguza kwa muda wa sekunde moja hivi. Mtoto aliyemfuata mama yake kwenye mashini hapati nafasi ya kuondoa mkono.

Mazuti: yakidondokea chuma chenye joto linalopita digrii 210 hivi, yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti na bila cheche. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za meli zinaagiza kwamba chuma chochote chenye joto la kupita digrii 220, mahali ambapo mafuta yanaweza kuruka yakivuja, lazima kifunikwe kwa kizuiajoto. Kanuni hiyo iliandikwa kwa meli za baharini, lakini mazuti ya Kisangani hayana tabia nyingine.

Mti na ndele: mti mpya huanza kuwaka kwenye digrii 250 hivi au zaidi. Mti uliokaa miezi mingi karibu na tuyo, kama tulivyoeleza, hausubiri joto hilo.

KWANZA NAFASI, KISHA KIZUIAJOTO

Watu wengi wanafikiri kazi inaanza kwa kununua kitu cha kufungia. Hapana. Kazi inaanza kwa kuangalia tuyo inapita wapi. Hewa tupu ndicho kizuiajoto cha kwanza, na haiuzwi.

Kanuni zinazotumika Marekani kwa moteri zisizohama zinatoa vipimo ambavyo tunaona vinafaa kwetu pia. Tuyo ya moshi ikae mbali na mti, ndele, magunia au kitu chochote kinachowaka kwa sentimita 23 au zaidi. Hicho ni kipimo cha chini kabisa. Mahali penye paa la ndele, sisi tunashauri mara mbili yake, maana majani makavu yananing'inia na upepo unayasukuma.

Hatari kubwa zaidi iko pale tuyo inapopenya ukuta au paa. Wengi wanatoboa tundu linalolingana na tuyo, kisha wanaziba pembeni kwa vitambaa ili mvua isiingie. Pale pale ndipo mti na chuma vinagusana, na hakuna hewa ya kupoza. Mfanye hivi:

Kama ukuta ni wa mbao au miti na udongo: kateni tundu kubwa, kisha wekeni duara la tole ambalo kipenyo chake kinazidi kile cha tuyo kwa sentimita 30. Maana yake kila upande unabaki na sentimita 15 za hewa. Tuyo inapita katikati, na hewa inazunguka. Hapana kujaza nafasi hiyo kwa kitu chochote.

Njia nyingine, ambayo kwetu ni rahisi zaidi: jengeni sehemu hiyo ya ukuta kwa matofali ya kuchoma. Matofali yaizunguke tuyo kwa unene wa sentimita 20 kila upande kabla ya kufika kwenye mti, na katikati muweke bomba la udongo uliochomwa ambalo tuyo itapita ndani yake. Mafundi wa matofali wako karibu kila mahali, na kazi hiyo haihitaji kitu kutoka nje.

Kama tuyo inapita kwenye paa: duara la tole lizidi kipenyo cha tuyo kwa sentimita 15, tena liwe refu, litokeze sentimita 23 chini ya paa na sentimita 23 juu yake. Lakini kwa paa la ndele tunasema wazi: msipitishe tuyo hapo. Ipitisheni ukutani, na mwisho wake usogee nje kabisa, mbali na ukingo wa paa.

Koperative ambayo haina pesa ya kizuiajoto lakini imesogeza tuyo na kupanua tundu, imefanya nusu kubwa ya kazi. Koperative ambayo imefunga kizuiajoto cha bei na kuacha tuyo inagusa nguzo, bado haijaanza.

KUCHAGUA KIZUIAJOTO

Sehemu zinazohitaji kufunikwa ni tatu: pale ambapo mtu anaweza kugusa, pale ambapo mazuti au mafuta ya moteri yanaweza kudondoka, na pale ambapo nafasi ya hewa haitoshi na haiwezi kuongezwa. Sehemu iliyo nje, juu, mbali na kila kitu, iacheni wazi ipoe.

Hivi ndivyo vitu vinavyotumika:

1. Ngao ya tole yenye nafasi ya hewa. Hii tunaiweka ya kwanza kwa sababu inatengenezwa hapa hapa. Ni kipande cha tole kilichokunjwa nusu duara, kinachosimama sentimita 3 hadi 5 mbali na tuyo, kimeshikwa kwa vipande vya chuma au bulo ndefu. Hewa inaingia chini, inatoka juu, na tole yenyewe haipati moto kama tuyo. Kwa kuzuia mikono ya watu na matone ya mazuti, inatosha mara nyingi. Kama ni manjanja yenye zinki, ikae mbali, isiguse tuyo, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaougua mtu.

2. Utepe wa nyuzi za kioo. Ni kama bandeji pana ya sentimita 5, unauzwa kwa mkunjo wa mita 5, 10 au 15, katika maduka ya vipande vya magari na pikipiki. Wa kawaida huvumilia karibu digrii 500 hadi 550. Kwa tuyo ya moteri zetu unatosha, isipokuwa pale karibu kabisa na kichwa cha silinda ambapo hauna akiba. Mkunjo mmoja wa utepe unapunguza joto, lakini bado unaunguza mkono. Msimdanganye mtu kwamba sasa anaweza kushika.

3. Utepe wa nyuzi za jiwe la basalti. Una rangi ya kahawia yenye kung'aa kidogo. Unavumilia joto zaidi kuliko ule wa kioo, na haukatiki upesi kwa mtikisiko. Bei yake iko juu. Kama pesa ni kidogo, utumieni sentimita 50 za kwanza tu, na mbele muendelee na utepe wa kioo.

4. Pamba ya mawe. Ni blanketi nene la nyuzi, linalofaa kwa tuyo kubwa za grupu na kwa pale linapopita karibu na ukuta. Lazima lifunikwe kwa tole juu yake, la sivyo linakatika na kunyonya maji.

5. Blanketi la seramiki. Hili linavumilia digrii zaidi ya 1000. Kwa moteri ya kukobolea, nguvu hiyo yote haihitajiki, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Tunalitaja kwa sababu mafundi wengine wanalo. Si la lazima.

Mkinunua, muulize muuzaji linavumilia digrii ngapi, na mtazame kama imeandikwa kwenye mfuko. Kateni kipande kidogo, mkitie kwenye makala ya moto. Cha kweli hakishiki mwali. Kinaweza kutoa moshi kidogo mara ya kwanza, kisha kinabaki nyuzi nyeupe au za kahawia. Kikiyeyuka au kikiwaka, mrudishieni mwenyewe.

VITU VYA KUKATAA

Magunia, nguo za zamani, mus ya godoro, mpira wa magurudumu na udongo uliochanganywa na majani makavu: vyote hivyo vinawaka. Tumeona gunia lililolowekwa maji likifungwa kwenye tuyo. Maji yanakauka kwa dakika chache, na kinachobaki ni gunia.

Tena tunasema kwa mkazo: hapana kutumia amianti, ambayo wengine wanaiita asbesto. Katika mji wa zamani kama Kisangani bado kuna mabaki yake: kamba nyeupe za mashini za viwanda vya zamani, vipande vya paa na mabomba ya majengo ya zamani. Wazee wanaisifu kwa sababu haiungui, na ni kweli haiungui. Lakini vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na linaleta kansa baada ya miaka mingi, hata kwa mtu aliyekuwa mzima wakati wa kuifunga. Kamba ya bure isiyojulikana ilikotoka, iacheni.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Ili msinunue zaidi au pungufu, hesabu ni rahisi. Chukueni uzi, uzungusheni kwenye tuyo, mpime urefu wake. Tuyo ya kipenyo cha milimita 48 inatoa sentimita 15.

Utepe una upana wa sentimita 5, na kila mzunguko unapanda juu ya ule uliotangulia kwa sentimita 1 na nusu. Kwa hiyo kila mzunguko unasogea mbele sentimita 3 na nusu. Mita moja ya tuyo inataka mizunguko 29 hivi. Mizunguko 29 mara sentimita 15 ni mita 4 na sentimita 35. Basi, tuyo ya mita 2 inahitaji karibu mita 9 za utepe. Nunueni mkunjo wa mita 10, na kinachobaki mkiweke kwa kurekebisha.

Ongezeni waya wa chuma usiopata kutu, au kolye za chuma, moja kila sentimita 30 na moja kila mwisho. Kolye za plastiki hazifai hata siku moja.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Zimeni moteri, mngojee ipoe kabisa. Asubuhi kabla ya kazi ni saa nzuri.

2. Tafuteni mahali panapovuja. Kwenye maungio, moshi unaovuja unaacha alama nyeusi kama masizi ya sufuria. Badilisheni gasketi, kazeni bulo, lehemuni ufa. Hapana kufunika tuyo inayovuja! Kizuiajoto kitaficha ufa, na moshi utaendelea kuingia kibandani bila mtu kuona.

3. Angalieni kama tuyo inashikwa vizuri. Moteri ya silinda moja inatikisika sana. Tuyo ndefu ikifungwa kwa nguvu ukutani huku upande mwingine ukitikiswa na moteri, inavunjika pale kwenye bulo za kichwa. Karibu na moteri wekeni kipande cha tuyo inayokunjika, ile ya chuma iliyosukwa, na uzito wa tuyo iliyobaki ubebwe na mkono wa chuma uliofungwa kwenye nguzo au dari, si na moteri.

4. Tuyo ndefu isipungue kipenyo kuliko mdomo wa moteri. Mkipita mita 3 hivi au mkiweka kona nyingi, chukueni yenye kipenyo kikubwa zaidi. Moshi ukibanwa, moteri inachoka, inakunywa mazuti mengi, na joto linapanda.

5. Tuyo ishuke kidogo kuelekea nje, ili maji ya mvua na ya mvuke yasirudi kwenye silinda. Mwisho wake ukatwe kwa mshazari ukitazama chini, au uwekewe kofia.

6. Safisheni tuyo kwa brashi ya chuma. Ondoeni mafuta yote. Utepe uliofungwa juu ya mafuta utayanyonya na kuwaka kama utambi wa taa.

7. Vaeni glovu, shati la mikono mirefu na kitambaa au maski kwenye pua. Nyuzi za kioo zinawasha ngozi na kukwaruza koo. Kuulowesha utepe wa kioo kwenye ndoo ya maji kabla ya kufunga kunapunguza vumbi, na utepe unakaza ukikauka.

8. Mahali tuyo imesimama, anzeni chini mkienda juu. Hapo kila mzunguko unakaa juu ya ule wa chini kama manjanja za paa, na maji ya mvua hayaingii ndani. Vuteni kwa nguvu mkizungusha, na mshike kipimo kile kile cha kupanda. Kila baada ya sentimita 30 wekeni kolye.

9. Kile kipande kinachokunjika kisikazwe kwa utepe. Kikaeni na ngao ya tole kikiwa huru, ili kiendelee kutikisika.

10. Nje ya kibanda, utepe usiachwe kwenye mvua. Kwetu mvua inanyesha karibu miezi yote. Utepe unaokunywa maji kila siku unakula chuma kwa kutu, na hamtaona mpaka tuyo itoboke. Ishieni ndani ya ukuta, au funikeni kwa tole.

Kama fundi anataka kutengeneza ngao kwa kukata fut ya zamani ya mafuta, asiikate kwa moto wa kulehemu. Fut inayoonekana tupu ina mvuke ndani yake, na mvuke huo unalipuka. Aioshe vizuri, kisha akate kwa patasi na nyundo, au achukue tole ambayo haikuwahi kubeba mafuta.

SIKU YA KWANZA NA KILA JUMA

Mara ya kwanza moteri ikipata moto, utepe na pamba ya mawe vitatoa moshi na harufu. Ni gundi ya kiwandani inaungua. Fungueni milango yote, watu wakae nje, na mtu mmoja abaki karibu na ndoo ya mchanga. Baada ya saa moja hivi inakwisha. Isipokwisha, kuna mafuta chini ya utepe: fungueni mrudie.

Kisha fanyeni jaribio la kiganja. Moteri ikiwa imefanya kazi nusu saa, wekeni kiganja kwenye nguzo na kwenye mbao zilizo karibu na tuyo, si kwenye tuyo yenyewe, mkihesabu polepole mpaka kumi. Mkono ukishindwa kuvumilia, mti huo unapata joto kupita kiasi. Sogezeni tuyo au ongezeni ngao. Hili jaribio halina gharama, na kila mwendesha mashini anaweza kulifanya kila juma.

Kila juma pia: tazameni kama utepe umelowa mazuti au mafuta. Ukilowa, hauoshwi, unatolewa na kubadilishwa. Ondoeni pumba na vumbi la unga lililokaa juu ya tuyo, maana pumba za mpunga zinawaka upesi. Bido za mazuti zikae nje ya kibanda au mbali na moteri, na hapana kujaza tanki moteri ikizunguka. Nguzo ambayo tayari imegeuka nyeusi, ikateni, mweke mpya. Kuikwangua na kuipaka rangi ni kujificha tu.

MOSHI WENYEWE

Tuyo haipo kwa ajili ya joto peke yake. Ipo pia ili watu wasivute moshi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa mazuti katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Tena ndani yake kuna gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayolaza mtu mpaka asiamke. Kwa hiyo sentinele asilale ndani ya kibanda grupu ikifanya kazi, hata kama mvua inanyesha, hata kama tuyo imefungwa vizuri. Mtu akiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu kila anapofanya kazi, asiambiwe ni malaria tu. Tazameni tuyo kwanza.

KWA WENYE VIKAUSHIO NA BALENIERE

Wanachama wenye kikaushio cha kakao au mahindi wanauliza kama tuyo ya moshi ifungwe. Hapo jibu linageuka. Tuyo inayopita chini ya kitanda cha kukaushia ndiyo inayotoa joto, kwa hiyo pale haifungwi. Ikifungwa, kuni au mazuti yanapotea bure. Inafungwa au kuwekewa duara la tole pale tu inapotoka kupitia ukuta wa mbao. Ufa mdogo kwenye tuyo hiyo ni hasara mara mbili, maana kakao iliyoshika moshi inanuka kama nyama ya kuokwa, na mnunuzi anaikataa. Hali ni hiyo hiyo kwa vile vipasha-joto vidogo vya mazuti vilivyotengenezwa kwa ajili ya lori za nchi za baridi: tuyo yake ni nyembamba, lakini lazima itoke nje kabisa, isiguse mti, isivuje ndani.

Baleniere zinazobeba mazao yetu mtoni ni mti mtupu, zina mazuti, zina watu wengi. Hapo ngao ya tole juu ya tuyo si anasa. Anayepakia mpunga wake ana haki ya kumwuliza mwenye chombo tuyo inapita wapi, na abiria na bido viko umbali gani nayo.

KWA KOMITE

Tunajua neno litakalosemwa kwenye mkutano: kasha haina kitu. Tumelisikia mara nyingi na hatulidharau. Lakini tazameni orodha hii: kupanua tundu, kusogeza tuyo, kukata nguzo nyeusi, kutoa bido nje, kutengeneza ngao ya tole. Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili za mikono ya wanachama, na tole kidogo. Utepe unaweza kungoja mavuno yajayo. Nguzo nyeusi haingoji.

Kwenye mkutano wenu ujao, mteue watu wawili, mmoja akiwa mwendesha mashini mwenyewe, waende kibandani wakati wa kazi, wafanye jaribio la kiganja mbele ya wote, na waandike kwenye daftari la koperative walichokikuta na tarehe ya kukirekebisha. Yule kijana wa nguzo nyeusi alikuwa mwangalifu. Aliijua moteri yake kwa sauti tu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba mti unakumbuka joto.

Sasa mmeambiwa ninyi. Nendeni mkamwambie na wa kwenu.